Mbeba Chungu

Watu wa Vudee wakisikia mtu amekwenda Tanga, walijua sababu ni moja katika tatu: kufungwa, kukata mkonge, au kulazwa. Kupanda treni kwenda kutazama majumba tu, kisha urudi mikono mitupu, hiyo ilikuwa starehe ya Mzungu na mbwa wake. Basi Hezroni, karani wa boma la Same, alipotangaza kwamba Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, amempa siku nne na hati ya treni ya watu wawili, akatembee na mkewe kama watu waliostaarabika, mlima mzima ulimsema. Wachache walimcheka. Wengi walimwonea kijicho, na kijicho ndicho alichokuwa akikitafuta.

Eliwaza mkewe hakuwa na haja na Tanga. Alikuwa na haja moja tu duniani, nayo ililala juu ya kitanda cha kamba kule Bendera, chini tambarare, katika joto na mbu. Ilikuwa ni mama yake, bibi Dina, mfinyanzi, aliyekuwa akikohoa damu na kuomba kila siku apandishwe Vudee akafie kwao.

Kisa chenyewe watu walikijua, ingawa walipenda kukisahau. Ukoo wa Hezroni, kama koo nyingi za Upare wakati ule, Jumapili ulikwenda kanisani na siku nyingine ulikwenda mpungini. Mpungi ni kile kimsitu cha ukoo ambamo mafuvu ya wazee, yakishafukuliwa kaburini, huwekwa ndani ya vyungu ili yakae na kuwatazama watoto wao. Mwanamke haingii humo. Lakini chungu hufinyangwa na mwanamke, na kwa ukoo ule mfinyanzi alikuwa mmoja, Dina. Mume wa mfinyanzi ndiye hukibeba chungu hadi mlangoni pa mpungi, na tangu siku hiyo yeye ndiye mdhamini wake. Kikivunjika, kikipotea, anaulizwa mbeba chungu.

Mwaka wa thelathini na nane chungu cha babu Mrutu, babu yake Hezroni, kilitoweka na fuvu ndani yake. Akaulizwa Sefania, baba yake Eliwaza. Sefania hakujua lolote. Nyumba yake ilibomolewa mchana kweupe na watu waliokuwa wamekula makande yake juzi. Migomba ikafyekwa. Yeye na mkewe wakateremshwa hadi Bendera kama takataka zinazofagiliwa kibarazani, na masika ya kwanza homa ikamwondoa Sefania.

Eliwaza alikuwa msichana wa miaka kumi na saba. Hezroni akajitokeza kumwoa, kijana wa misheni aliyekuwa ndiyo kwanza ameingia kazini boma. "Nimemwokota," aliwaambia watu, na kwa miaka kumi na moja hakuchoka kulisema neno hilo. Mahari ilikuwa mbuzi badala ya ng'ombe, maana nani atoe ng'ombe kwa binti wa mwizi? Na Eliwaza alimshukuru. Hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko yote. Alimshukuru kila asubuhi alipompigia pasi kaptura yake.

Ukoo nao ulikuwa na akili zake. Kila alipokufa mzee, walimpakia punda udongo wa Vudee wakamteremshia Dina kule Bendera, safari ya siku mbili, kwa sababu udongo wa kule chini una magadi. Chungu cha udongo huo hupendeza machoni, lakini kikinyeshewa masika moja ya mlimani hulegea na kumomonyoka kama mkate uliozama kwenye chai. Kwa kuwa Dina ni mjane, mbeba chungu akawa mkwe wake, Hezroni. Alikuwa ameshabeba viwili, salama, akasifiwa. Kwa hiyo udongo uliruhusiwa kushuka, chungu kiliruhusiwa kupanda. Dina tu ndiye hakuruhusiwa.

"Tukirudi Tanga," Hezroni alimwambia mkewe wakiwa stesheni ya Same, akijifuta vumbi kwenye viatu vipya, "nitasema na mkuu wetu wa ukoo, mzee Eliufoo. Mama yako atapanda. Lakini safari hii usinitie aibu. Usikodoe macho kama mbuzi aliyeona treni."

"Nimesikia, baba Lydia," alisema, akimwita kwa jina la binti yao.

"Na usiwasalimie watu ovyo. Tanga si Vudee, huko hakuna shikamoo kwa kila mwenye mvi."

Alikuwa amewatangazia watu kwamba atasafiri daraja la pili pamoja na Wahindi. Hati ilisema la tatu. Walisafiri baina ya matenga ya kuku na wakata mkonge waliokuwa wakirudi kambini, na mmoja wao, alipoona kofia ya Hezroni, aliuliza kwa sauti, "Bwana mkubwa, umepotea behewa, au behewa ndilo limekupotea?" Watu wakacheka mpaka Makanya. Hezroni alitazama nje dirishani njia nzima, na jioni, walipofika chumba chao cha kupanga Ngamiani, akamlipizia Eliwaza: chai ina moshi, kanga imekunjamana, tena yeye pia alicheka behewani, alimwona.

Jumamosi walitembea. Hezroni alikuwa na karatasi aliyoandika vitu vya kutazama, akawa anavikata kwa penseli kimoja kimoja kama anayehesabu vichwa vya kodi. Mnara wa saa wa Mjerumani, kata. Gatini, marobota ya mkonge yakipandishwa melini na watu waliochubuka mabega, kata. Makaburi ya askari wa vita vya kwanza, Wazungu wamechongewa majina kwenye mawe, kata. Eliwaza aliuliza wapagazi wa Kipare waliokufa vitani humo wameandikwa wapi.

"Wapagazi?" Hezroni alisema. "Nani anaandika wapagazi?"

Kwa Mhindi mpiga picha alimweka mkewe nyuma ya kiti, yeye akakaa. Mhindi alipomwomba mama asogee pembeni kidogo aonekane, Hezroni akasema, "Mwache hapo hapo. Picha ni ya kiti na mimi."

Saa nane mchana wakafika kwenye nyumba ya makumbusho, chumba kirefu katika jengo la zamani, kilichowekwa na Wazungu wachache waliopenda vitu vya kale vya watu wengine. Mlangoni alikaa mlinzi, mzee Hamisi, mtu wa hapo hapo Tanga, mwenye kanzu iliyotiwa bluu na miwani iliyofungwa uzi.

"Saa za Waafrika ni saa nane mpaka tisa," alisema. "Vueni viatu. Msiguse vioo."

"Mimi ni karani wa serikali," Hezroni alisema.

"Hongera. Miguu ya serikali nayo ina vumbi."

Wakaingia pekupeku. Kulikuwa na simba aliyejazwa pamba, macho yake gololi. Kulikuwa na ngoma za Wazigua, mikuki, minyororo, kofia ya chuma ya Mjerumani. Hezroni alisoma maandishi ya Kiingereza kwa sauti kubwa, akimtafsiria mkewe hata pale ambapo hakuelewa, na alikuwa amechangamka kweli kweli, mpaka walipofika pembe ya mwisho. Hapo alinyamaza ghafla kama redio iliyoishiwa betri.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Vyungu tu. Vyungu umevizoea." Akamtazama mkewe usoni upesi, kisha mabega yake yakashuka, akapumua. Alikumbuka kwamba mwanamke haingii mpungini. Eliwaza hajawahi kukiona chungu kile kikiwa pale mahali pake, na asingeweza kukijua. "Nakwenda kumtazama tena simba. Usikawie."

Wanaume wa ukoo ule wote walikuwa na ugonjwa huo. Walivichunga vyungu vyao miaka na miaka, wakavificha macho ya wanawake, wakasahau kwamba vyungu havioti mitini.

Ndani ya sanduku la kioo, chungu kilikaa juu ya kitambaa chekundu. Kando yake, fuvu, limewekewa kigingi cha chuma lisianguke. Eliwaza hakulitazama fuvu kwanza. Alitazama chini ya mdomo wa chungu, pale penye duara la alama za ukucha. Kila alama ilikuwa imegawanyika katikati. Mama yake, akiwa mtoto, jembe lilimpasua ukucha wa dole gumba, na haukuungana tena hata alipokuwa mtu mzima. Hakuna mwanamke mwingine Upare wote aliyekuwa akitia udongo alama ya ukucha wenye panda. Na upande wa kushoto palikuwa na doa jeusi, mahali ambapo kuni zilianguka wakati wa kuchoma. Eliwaza mwenyewe ndiye aliyeziangusha, akiwa na miaka minane, akapigwa kofi.

"Baba," alimwita mlinzi. "Shikamoo. Haya maandishi yanasemaje?"

"Marahaba, mwanangu." Hamisi akasogea, akainamia kikaratasi. "Yanasema: Chungu cha kuhifadhia fuvu la mkuu wa ukoo. Vudee, Upare. Kimetolewa kwa hiari na mjukuu wa marehemu, Hezroni mwana wa Eliamini, mwaka 1938." Akavua miwani. "Kwa hiari! Huyo mjukuu ana moyo wa jiwe. Babu yangu mimi nisingemtoa hata kwa meli nzima. Unamfahamu?"

"Ndiye yule anayemtazama simba."

Hamisi aligeuka, akamwona mtu mwenye kofia amesimama pekupeku mbele ya mnyama wa pamba. Akaivaa miwani tena.

"Niandikie, baba. Kwa Kiswahili. Kama yalivyo."

Mzee akaandika nyuma ya karatasi ya saa za kufungua. Eliwaza akaikunja, akaifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akaligeukia fuvu, akapiga goti kidogo, maana hata hivyo lilikuwa la babu mkwe wake.

"Shikamoo, babu," alisema.

Lilimkenulia meno.

Siku nzima ya Jumapili karatasi ilikaa pindoni. Kanisani aliimba. Jumatatu, treni ilipokwisha kuacha Korogwe nyuma, ndipo akafungua mdomo.

"Baba Lydia. Babu Mrutu anakusalimu."

Hezroni alikuwa akimenya chungwa. Alilimenya mpaka mwisho.

"Bwana Shauri yule wa wakati huo aliniambia linakwenda Ulaya," alisema, kama mtu anayelalamika kuhusu kifurushi kilichopotea posta. "Wazungu nao waongo."

"Baba yangu alikufa."

"Homa ilimuua baba yako. Mimi si mbu."

"Ulikuwepo nyumba yetu ilipobomolewa. Ulishika shoka."

"Kila mtu alishika shoka. Nisingeshika wangeniuliza kwa nini." Akala kipande cha chungwa. "Nilikuwa kijana, nilitaka kazi. Ungependa kuolewa na mchunga mbuzi? Nilikuokota, usisahau."

"Utasimama mbele ya mzee Eliufoo useme. Mama apande."

Hapo Hezroni akacheka, kwa furaha kabisa. "Sema wewe. Sema umekiona. Watakuuliza, umekijuaje chungu cha mpungini, wewe mwanamke? Uliingia lini? Nani alikupeleka? Baba yako? Aa, basi kumbe alikuwa mwizi kweli, mpaka na mtoto alimtembeza humo. Ukifungua mdomo unamfukua baba yako na kumnyonga mara ya pili."

"Nimeujua ukucha wa mama."

"Ukucha!" Akawageukia abiria wengine. "Jamani, mke wangu ni jaji wa kucha!" Na wale watu, wasiojua kinachochekwa, wakacheka.

Aliposhuka Same hakungoja. Alipanda mlima mbele yake, na Eliwaza alipofika Vudee akiwa na mzigo kichwani alikuta dengelua, pombe ya miwa, limeshamiminwa. Hezroni alikuwa amewahi. Amemwona babu Mrutu Tanga! Amemtambua! Sefania alimuuza kwa Wazungu, naye, Hezroni, amempata! Wazee walimpiga mgongoni. Wanawake walipiga vigelegele. Mzee Eliufoo, mkuu wa ukoo, mwenye koti la kijeshi na meno matatu, alimwagia ardhi pombe na kumshukuru mjukuu mwenye macho.

Eliwaza akatua mzigo. Akafungua pindo la kanga, akampa karatasi Tumainieli, mwinjilisti, aliyejulikana kwamba akisoma haongezi wala hapunguzi. Tumainieli akasoma mpaka "kwa hiari" na "Hezroni mwana wa Eliamini". Vibuyu vikasimama njiani.

Usidhani hawakuelewa. Walielewa wote, hata walevi. Walitazamana, kisha wakamtazama Hezroni, wakaona karani, yule anayeandika nani ana ng'ombe wangapi, nani apunguziwe kodi na nani aongezewe. Walikuwa wanapima.

Eliufoo akakohoa. "Mwaka wa mbiru, tulipoigomea kodi," alisema, "tuliteremka Same maelfu kwa maelfu. Tulikaa pale chini ya jua, tukapikiwa chakula na wake zetu kutoka mlimani, kwa sababu tulikataa karatasi za Mzungu. Je, leo mwanamke atuletee karatasi ya Mzungu, tumhukumu nayo mtoto wetu?"

"Hatuitaki!" watu wakaitikia, na nyuso zao zilifunguka kwa nafuu.

Tena walikuwemo humo wanaume waliokaa uwanjani pale Same na kumwona Hezroni kwa macho yao kwenye baraza la boma, akiandika majina yao amsomee Bwana Shauri. Wao nao waliitikia.

"Na mama yangu?" Eliwaza aliuliza.

"Babu ameonekana, shauri limekwisha. Mama yako ni mke wa mbeba chungu. Chungu kikipotea, anaulizwa mbeba chungu, na nyumba yake yote. Sheria hiyo hatukuitunga jana."

"Anaulizwa mbeba chungu," Eliwaza alisema polepole, kama mtoto anayekariri katekisimu.

"Hasa. Na mwakani tunamwinua kaburini Eliamini, baba yake mumeo. Udongo utateremshwa mwezi ujao. Mwambie Dina asife kabla hajamaliza kazi."

Wakacheka. Ulikuwa utani mzuri, kwa wale waliokuwa wameshiba.

Eliwaza akateremka Bendera siku ya pili, na hakuna aliyemzuia. Mgonjwa ni wake. Dina alikuwa amebaki mifupa na macho.

"Umeuona mji?" aliuliza.

"Nimeuona, mama. Nimekiona chungu chako cha babu Mrutu. Kimo ndani ya kioo, juu ya kitambaa chekundu."

Akamweleza yote: Hezroni, karatasi, dengelua. Dina alisikiliza ameyafumba macho. Alipoyafumbua aliuliza jambo moja tu.

"Hakikupasuka?"

"Hakikupasuka."

"Udongo wa Vudee," mama alisema. "Ule ni udongo." Akatabasamu, na tabasamu likageuka kikohozi. Alikufa baada ya wiki tatu. Eliwaza alimzika kando ya Sefania, katika ardhi ile inayotoka chumvi nyeupe juu wakati wa jua kama jasho lililokauka.

Siku ya nne punda akafika kutoka mlimani na magunia mawili ya udongo mwekundu. Mswaga punda aliuliza bibi yuko wapi. "Amekwisha maliza kazi," Eliwaza akamjibu. "Mwambie mzee Eliufoo chungu kitakuwa tayari. Nitakifinyanga mwenyewe, amenifundisha."

Aliukanda udongo ule siku mbili. Akaubeba wote, asibakize hata ngumi moja, akaulaza juu ya kaburi la mama yake, akaupiga kwa kiganja na kuulainisha kwa jiwe mpaka ukang'aa. Akarundika kuni juu yake, akauchoma, kama chungu kilichofunikwa.

Kisha akachukua jembe akaenda kingo za mto, akachimba udongo wa Bendera.

Hakuwahi kufinyanga kizuri kama kile. Kilikuwa chepesi, duara lake halikuwa na kosa, na ukikipiga kwa ukucha kilitoa sauti. Hezroni alipokuja kukichukua alikizunguka mara mbili.

"Umemshinda mama yako," alisema. "Umeona? Ukiacha maneno, una kazi nzuri. Utarudi lini nyumbani? Lydia akifunga shule atakuta nyumba haina mtu."

"Lydia atafungia shule huku kwangu, nimeshamwandikia. Mimi nikimaliza matanga nitafikiri. Kibebe vizuri, baba Lydia."

"Nimeshabeba viwili."

"Najua. Hiki ndicho watakachokukumbuka nacho."

Hezroni akakibeba begani hadi mlangoni pa mpungi, mbele ya ukoo wote. Fuvu la baba yake likatiwa ndani, wakaimba, wakanywa.

Masika ya mwaka ule yalikuwa mazito. Mwezi wa tano wazee walipoingia mpungini kupeleka pombe, pale palipokaa chungu palikuwa na tope. Eliamini alilala kifudifudi ndani yake, taya limeachana na kichwa, siafu wakiingia tundu moja la jicho na kutokea lingine. Vyungu vingine vyote, vya Dina, vilikuwa vimekaa vile vile.

Eliufoo hakuhitaji kupaza sauti. "Nani mbeba chungu?"

"Ni udongo!" Hezroni alipiga kelele. "Ni mke wangu! Amefanya kusudi, ametumia udongo wa chini!"

Wakamtazama kwa dharau. "Hata Sefania," mmoja alisema, "mwizi yule, hakumsingizia mkewe."

Nyumba ilibomolewa mchana. Walikuwa wanajua kazi hiyo. Kule Same Bwana Shauri mpya alisikia, akakuna kidevu, akaona karani ambaye watu wake hawamtaki hawezi kumsaidia kukusanya kodi. Akampa barua ya kumwachisha kazi. Aliitia sahihi bila kuketi.

Alasiri moja Hezroni akatokea Bendera, viatu amevining'iniza shingoni kwa kamba, godoro kichwani. Akasimama uani kwa Eliwaza. Akaomba maji. Akapewa kwenye kikombe cha bati, akanywa, macho yake yakaangukia kaburi. Lilikuwa jekundu, gumu, masika yote yamelipitia na hayakulichubua hata kidogo, wakati la Sefania kando yake lilikuwa karibu sawa na ardhi.

"Udongo huu umetoka wapi?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Vudee. Mama amerudi kwao."

Hezroni akaketi juu ya godoro lake. Akaanza kulia, na baada ya kulia akasema hana pa kulala, na kifua kinamuuma, na huku chini mbu ni wengi.

"Ni wengi kweli," Eliwaza alisema, akichukua kikombe chake kutoka mkononi mwake. "Lakini mimi si mbu."

Akaingia ndani, akafunga mlango.